Miti Migeni Katika Misitu ya Asili: Kujitolea Kwataka Elimu

Ndugu Waislamu, fadhila za kupanda mti tumezihubiri mara nyingi katika mimbari za Mbeya na Iringa. Ni nadra kusikia kuwa kung'oa mti nako kwaweza kuwa na thawabu. Hali ya misitu yetu ya asili yatulazimu tuliseme hilo.

Utazameni muwati. Asili yake ni Australia, nao uliletwa kwa ajili ya magome yake, yatumikayo kutengenezea ngozi. Kampuni ya TANWAT ilianza mwaka 1949 huko Njombe, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa ndani ya Mkoa wa Iringa. Mbegu za muwati hukaa ardhini miaka mingi zikiwa hai, na moto ukipita ndipo huota kwa wingi. Basi anayechoma moto kwa nia ya kusafisha huwa ameupanda upya. Msindano nao mbegu zake zina mabawa. Upepo huzivusha mpaka wa shamba bila kumwomba mtu ruhusa.

Tusifahamike vibaya. Misindano na mikaratusi ya Mufindi imesomesha watoto wengi, wakiwamo wa misikiti yetu, na riziki hiyo ni halali. Tunachokisema ni mti uliotoka shambani ukaingia msituni. Kipunji, nyani aliyetangazwa na wataalamu mwaka 2005, anaishi katika misitu ya Rungwe na Livingstone, na Ndundulu upande wa Iringa, wala hajulikani kuwapo penginepo duniani.

Vijana wanaojitolea twawapongeza, lakini wanazuoni wa fiqhi wamekataza kuondoa madhara kwa madhara mengine. Asiyeujua mche wa asili ataung'oa pamoja na mgeni. Aingiaye hifadhini bila idhini ya Wakala wa Huduma za Misitu amevunja sheria, hata nia yake ikiwa njema. Tena si haki wenye mashamba makubwa wavune mbao, kisha usafi wa mpakani waachiwe vijana wa madrasa; gharama hiyo ni yao kwanza.

Wakati ufaao ni wa mvua, udongo ukiwa laini na miche ikiwa midogo, ing'oke na mizizi yake. Na mwaka ufuatao warudi palepale, kwani mbegu zilizobaki zitakuwa zimeota.