Anayeandika Dawa Asiishi kwa Kuuza Dawa

Mtoto ana mafua na homa. Mzazi anampeleka zahanati binafsi ya mtaani, analipia kumwona daktari, mtoto anapimwa damu na mkojo, kisha wanatoka na mfuko umejaa: antibayotiki, dawa ya kikohozi, vitamini, pengine na sindano za seftriaksoni za siku tano. Mafua huletwa na virusi, na antibayotiki haiui virusi. Daktari analijua hilo tangu chuoni. Kwa nini basi anaandika?

Wengi husema ni tamaa. Mimi naona kisa kiko kwenye namna zahanati inavyopata pesa. Ada ya kumwona daktari huwekwa chini ili wateja waje, halafu mishahara, umeme na kodi ya pango hutafutwa maabara na kwenye dirisha la dawa. Daktari anayemchunguza mtoto kwa makini, akamweleza mama dalili za hatari na kumruhusu bila dawa, amefanya kazi nzuri ambayo mwajiri wake haioni kwenye mauzo ya siku. Na sisi wagonjwa tunamwongezea shinikizo. Tukitoka mikono mitupu tunalalamika kwamba hatukutibiwa, kesho tunahamia zahanati ya jirani.

Vipimo navyo vimeingia humo humo. Widal, kipimo kinachotumika sana kutangaza taifodi, kinaweza kuonyesha kinga ya maambukizi ya zamani au ya vimelea vingine, na mtu asiye na taifodi akaanzishiwa dozi. Seftriaksoni, kwa upande wake, Shirika la Afya Duniani limeiweka katika kundi la dawa za kutumiwa kwa uangalifu, kwa kuwa vimelea vikiizoea tutapungukiwa na silaha dhidi ya homa ya uti wa mgongo na maambukizi mazito ya damu. Hapo ndipo roho inaponiuma: atakayelipia sindano ya mafua ya leo huenda ni mtoto mchanga wa mtu mwingine kabisa.

Tanzania ilipiga marufuku tiba binafsi ya kibiashara mwaka 1977, ikairuhusu tena mwaka 1991. Sitamani turudi kule. Bila vituo binafsi, foleni za hospitali za serikali mijini zisingevumilika. Lakini Machi 2024, baadhi ya hospitali binafsi ziliposita kuwahudumia wanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) kwa kupinga kitita chake kipya cha mafao, bei za dawa zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyogombewa. Yeyote aliyekuwa na haki, tuliona jinsi uhai wa hospitali ulivyofungwa kwenye bei ya dawa.

Korea Kusini ilitenganisha kuandika na kuuza dawa mwaka 2000. Madaktari waligoma. Antibayotiki kwa magonjwa ya virusi zilipungua, ingawa si kwa kiasi cha kushangilia, na gharama zilipanda kwa kuwa serikali iliwaongezea madaktari ada ili kuwatuliza. Maeneo yasiyo na famasi yaliachwa nje ya utaratibu huo, na kwetu vijiji vya namna hiyo ni vingi mno. Kwa hiyo sishauri tufunge madirisha ya dawa kesho asubuhi.

Kuna yanayowezekana sasa. Mgonjwa apewe cheti cha dawa mkononi, dawa ikiandikwa kwa jina lake la kitaalamu badala ya jina la kampuni, anunue anakotaka. Tena Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na bima ndiyo yenye nguvu ya kubadili hesabu za zahanati. Imlipe daktari vizuri kwa muda wake wa kumsikiliza na kumpima mgonjwa, hata asipoandika kidonge kimoja. Na fomu ya madai ikiletwa na antibayotiki kwa ajili ya mafua bila sababu inayolingana na mwongozo wa tiba wa taifa, dawa hiyo isilipiwe, wala mgonjwa asidaiwe.