Uamsho Si Mali ya Jukwaa

Wapo waandikao habari za Uamsho wa Afrika Mashariki kana kwamba ulishuka melini pamoja na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini, Rwanda. Hiyo ni nusu ya habari, tena nusu iliyo ndogo. Septemba 1929, kilimani Namirembe, daktari huyo alikuwa amechoka na kuvunjika moyo. Aliyeketi naye kusoma Biblia na kusali ni Simeoni Nsibambi, Mganda asiyepata kuwa kasisi. Na huko Gahini moto ulikolezwa na watu wa kazi, mfano wa Yosiya Kinuka, msaidizi wa hospitali. Waumini waliungama mbele ya wenzao, wakarudisha vya wizi, wakawaendea mahasimu wao kuomba radhi.

Wakubwa hawakupendezwa. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono kiliwafukuza wanafunzi 26. Wimbo wa Tukutendereza, hata hivyo, ulivuka mipaka midomoni mwa watu, kiitikio chake kikabaki Kiganda. Wala haukumngoja mfasiri.

Leo kipaza sauti kimetwaa pahala pa toba. Uso wa mhubiri umejaa bango, naye muumini amefanywa mtazamaji: aitikie amina, atoe sadaka, arejee kwake. Nao wauita huo uamsho! Basi wenye mabango na waulizwe: mkutano ukiisha, ni jirani gani aliyerudishiwa mali yake?