Kamba, Ua na Wimbi la Redio

Walimu wanafunzi wengi tuliowatazama wakifundisha mawimbi hutumia kamba iliyopitishwa katikati ya ua wa fito. Kamba ikitikiswa juu na chini, sambamba na fito zilizosimama, mtikisiko hupita. Ikitikiswa kushoto na kulia, huzuiwa. Somo hupendeza. Kisha mwalimu huongeza kwamba wimbi la redio nalo hufanya vivyo hivyo mbele ya safu ya nyaya. Hapo twapinga, kwa kuwa jambo lenyewe ni kinyume.

Mtikisiko wa umeme ulio sambamba na nyaya ndio unaozuiwa, mradi nyaya zikaribiane sana kuliko urefu wa wimbi. Elektroni hupata nafasi ya kukimbia kwa urefu wa waya, nazo hulirudisha wimbi lilikotoka. Mtikisiko unaokingamana na nyaya hauzipi njia hiyo, basi hupita. Mtoto aliyezoeshwa mfano wa kamba atakwenda na kosa hilo hadi sekondari, nalo litakuwa kosa letu.

Wapo watakaolalamika kwamba vifaa hakuna. Jagadish Chandra Bose, mwalimu wa fizikia huko Calcutta katika miaka ya 1890, alichukua kitabu cha ratiba ya treni, akatia karatasi za bati kati ya kurasa zake, akapata chujio la mawimbi mafupi ya redio! Mwaka 1898 alieleza jinsi juti iliyosokotwa, ile ya kufumia magunia, inavyougeuza mwelekeo wa mtikisiko: iliyosokotwa kulia huugeuza upande mmoja, ya kushoto upande wa pili. Siku hizi mafundi huchapa mistari ya shaba juu ya tabaka nyembamba za plastiki, wakazipanga mbele ya antena ili sehemu moja ya wimbi icheleweshwe robo ya mzunguko, na mtikisiko utoke ukizunguka.

Hatudai darasa la saba lipewe mitambo hiyo. Mahali ambapo mawimbi ya kati yanasikika, redio ndogo yatosha. Igeuzwe mpaka sauti iwe kubwa, kisha isimamishwe kwa ubavu ili kijiti cha feriti kilichomo ndani kiwe wima, sauti hufifia. Mwalimu aijaribu kwanza nyumbani, kisha awaachie watoto waigeuze wenyewe.