Kasongo na Kabambare: Kipigo cha nyumbani si siri ya familia

Tukisema jeuri juu ya wanawake huku kusini mwa Maniema, wengi wanafikiri kwanza watu wenye silaha, Salamabila na njia ya Namoya. Ni kweli, maumivu yale tunayajua. Lakini kuna jeuri nyingine isiyobeba bunduki, inayolala nyumbani. Uchunguzi wa kitaifa wa afya (EDS) wa 2013-2014 ulionyesha kwamba katika Kongo, wanawake 52 kwa 100 wenye miaka 15 hadi 49 wamekwisha kupigwa tangu walipofikia miaka 15. Kwa walioolewa, anayetajwa zaidi ni bwana. Tena, wanawake karibu 3 kwa 4 walikubali kwamba kuna sababu inayompa bwana haki ya kupiga bibi yake. Hapo shida njo inaanza: mtu hashitaki jambo analoona ni desturi.

Kwa nini kesi hazifiki mbali?

Mwanamke aliyepigwa ana milango mitatu. Wa kwanza ni familia yake. Lakini familia ilikula mahari, na ndoa ikivunjika mahari yanaweza kudaiwa. Basi atasikia: «Vumilia mama, rudi kwa watoto wako.» Mlango wa pili ni shefu wa kijiji. Pale bwana anatozwa mbuzi ao kuku, wazee wanapatanisha, na jioni bibi anarudi katika nyumba ile ile. Familia mbili zimepata amani, lakini usalama wa mama haukuulizwa. Mlango wa tatu ni serikali: polisi na parke. Kule ni mbali, njia inaomba makuta, na bwana akifungwa, nani atalisha watoto? Kwa hiyo wengi hawanyamazi juu ya woga peke yake. Wanapiga hesabu.

Sheria inasema nini?

Katiba ya 2006, kwa kifungu cha 14, inaagiza serikali kupambana na jeuri juu ya mwanamke hadharani na nyumbani. Kode penali inaazibu anayepiga mtu kwa kusudi: siku 8 hadi miezi 6 gerezani, na zaidi kama kipigo kimeleta ugonjwa ao kushindwa kufanya kazi. Haisemi popote kwamba bwana amesamehewa. Bibi hahitaji ruhusa ya bwana ili amshitaki.

Kwa ubakaji, sheria za tarehe 20 Julai 2006 ni kali zaidi: kifungo cha miaka 5 hadi 20. OPJ hana haki ya kumaliza kesi ile kwa kutoza amende. Mbuzi wa barazani hafuti ubakaji.

Ufanye nini?

Kwanza, usalama: tafuta nyumba ya mtu unayemwamini, na ukiweza beba kadi ya kura na karatasi za watoto. Pili, kituo cha afya ao hopitali. Kama umebakwa, fika mbele ya saa 72, juu dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinafaa ndani ya muda ule tu. Usioge wala kufua nguo kama inawezekana. Kama umekwisha kuoga, nenda vilevile. Omba karatasi ya daktari, hata kwa kipigo: alama za mwilini zinapona, karatasi inabaki. Tatu, ukiamua kushitaki, polisi ina kikosi cha ulinzi wa watoto na kuzuia jeuri ya ngono (PEPVS). Ofisi ya Jinsia, Familia na Watoto inaweza kukuonyesha njia. Kushitaki si sharti ya kutibiwa.

Na sisi majirani? Tusimuulize «ulimfanya nini?» Tumuulize «unataka nikusaidie namna gani?» Mashefu, wachungaji na maimamu wanaweza kuendelea kupatanisha ugomvi wa shamba. Lakini damu ikitoka, kazi yao ya kwanza ni kumfikisha mama kwa muganga, si kumrudisha nyumbani.