Boti ya kusindikiza mashindano ina somo kwa wenye mizigo

KILA yanapofanyika mashindano ya ngalawa au mashua katika mwambao wetu, macho ya watazamaji huwa kwenye matanga. Ni wachache wanaoziangalia boti ndogo za injini zinazozunguka pembeni. Hizo ndizo boti za kusindikiza. Kazi yao ni kuweka maboya ya njia, kubeba waamuzi, kuvuta chombo kilichovunjika mlingoti na, ikibidi, kuwatoa majini mabaharia waliopinduka.

Msomaji anaweza kuuliza, mambo ya matanga yana uhusiano gani na ukurasa wa biashara na kilimo? Uhusiano upo, tena ni mkubwa. Boti ya kusindikiza ni ndugu wa boti inayobeba magunia ya dagaa kutoka visiwani, mikungu ya ndizi au matenga ya nyanya ya kwenda gulioni. Mwili ni wa faiba au mbao, urefu ni mita chache, na injini ya petroli imefungwa tezini. Mara nyingine ni boti ile ile. Mashindano yakiwa makubwa, waandaaji huenda dikoni na kukodi boti za wavuvi na wafanyabiashara. Boti iliyobeba mzigo jana, leo inafungwa kibendera na kuitwa boti ya uokoaji.

Hoja yangu ni kwamba kibendera hakiokoi mtu. Kinachookoa ni taratibu, na taratibu zinazofuatwa na klabu makini za matanga ni rahisi na za gharama ndogo. Hazina sababu ya kubaki kwa wanamichezo peke yao. Zinatakiwa zishuke hadi kwenye madiko na mialo yetu, na wa kuzishusha ni sisi wenye mizigo.

Kamba ya kuzimia injini

Tuanze na kifaa kidogo kuliko vyote. Injini nyingi za kufunga nyuma huja na kamba fupi ya kujikunja, mara nyingi nyekundu. Upande mmoja hushika swichi ya injini na upande wa pili hufungwa kwenye paja la nahodha. Nahodha akirushwa majini, kamba huchomoa swichi na injini huzima hapo hapo.

Bila kamba hiyo, boti isiyo na mtu haisimami. Mara nyingi injini hujigeuza upande mmoja na boti huanza kuzunguka duara, ikirudi pale pale alipoangukia mtu. Rafadha, lile panga linalozunguka chini ya maji, haichagui. Mei 5, 2013, huko Padstow katika jimbo la Cornwall, Uingereza, familia ya watu sita ilirushwa kutoka kwenye boti yao ya mapumziko ilipokata kona kwa kasi. Boti ilizunguka na kuwarudia. Baba na binti yake wa miaka minane walikufa, na wengine wakajeruhiwa vibaya. Wachunguzi wa ajali walieleza kuwa kamba ya kuzimia injini haikuwa imefungwa kwa mwendeshaji. Nchini Marekani, tangu Aprili 1, 2021, sheria ya shirikisho inawataka waendeshaji wa boti nyingi zenye urefu wa chini ya futi 26 kuitumia kamba hiyo au kifaa kinachofanya kazi kama hiyo.

Kwetu si ajabu kukuta swichi imebanwa kwa mpira au kipande cha waya ili injini iwake bila kamba. Kamba ilipotea, hakuna aliyenunua nyingine, na kazi ikaendelea. Nahodha wa namna hiyo ameondoa breki ya mwisho ya chombo chake.

Utaratibu wa klabu ni mfupi. Funga kamba kabla ya kuwasha. Washa, kisha ivute uone kama injini inazima. Weka kamba ya pili botini, ili nahodha akianguka nayo, aliyebaki aweze kuwasha na kumfuata. Na hakuna kuhama kutoka kwenye mkono wa injini, hata kwa kwenda kuweka sawa gunia, injini ikiwa inaunguruma.

Kumtoa mtu majini

Boti ya kusindikiza ikikuta chombo kimepinduka, jambo la kwanza si kamba wala matanga. Ni kuhesabu vichwa. Walikuwa wangapi, wanaonekana wangapi? Watu kwanza, chombo baadaye. Ngalawa iliyoelea kichwachini itasubiri, mtu aliyenasa chini ya tanga hawezi.

Nahodha aliyefundishwa humwendea mtu polepole, akielekeza omo kwenye upepo ili boti isisukumwe juu yake. Humweka upande ambao yeye mwenyewe anamwona. Akishamfikia, huzima injini kabisa kabla ya kumvuta ndani. Kuiacha ikiunguruma bila gia hakutoshi, kwa kuwa kiwiko kikigusa mkono wa gia panga linaanza kukata. Mwenye boti ya mizigo naye yatamfika, siku abiria atakapoteleza akiwa amekalia magunia.

Kuvuta chombo nako kuna kanuni zake. Kamba iwe ndefu, ifungwe mahali imara, na mwendo uwe mdogo. Mtu asikae kwenye mstari wa kamba iliyokazika, kwa sababu ikikatika hurudi kama mjeledi. Kisu kiwe karibu. Kamba inayoelea nyuma ya boti ivutwe ndani kabla ya kutia gia, maana ikijisokota kwenye rafadha, boti ya kuokoa nayo inageuka kuwa ya kuokolewa.

Hata nchi kavu kuna hatari. Wakati wa kupandisha boti ufukweni kwa gari au trekta, asisimame mtu nyuma ya chombo wala kati ya kamba na gari. Na wanaosukuma mashua yenye mlingoti waangalie juu kwanza, kwa kuwa mlingoti ukigusa waya wa umeme hakuna atakayeeleza ilikuwaje.

Petroli na akiba yake

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Ukimwagika botini haupai, hutulia chini ya mbao na kusubiri cheche. Ndiyo maana klabu huwataka watu wateremshe tangi la kubeba na kulijaza nchi kavu, mbali na sigara na majiko. Kwetu tangi hujazwa humo humo botini, abiria wamekaa, na huenda mmoja wao anavuta.

Kuna pia kanuni ya mafungu matatu: fungu la kwanza la kwenda, la pili la kurudi, la tatu la akiba. Kwa tangi la lita 24 maana yake ni lita 8 kila fungu. Akiba hiyo ndiyo inayokurudisha upepo ukigeuka au ukilazimika kumfuata mtu mwingine. Nahodha anayetoka na petroli ya kwenda tu, akitegemea kununua ng'ambo, ameweka roho za watu rehani kwa muuza mafuta asiyemfahamu.

Injini za kuchanganya oili nazo zinataka uangalifu. Nyingi kati ya zinazouzwa sasa hutaka lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, lakini kitabu cha injini yako ndicho chenye kauli ya mwisho. Oili ikipungua injini hunata, na hunata katikati ya safari. Kila ukiwasha, tazama kama maji ya kupozea yanatoka nyuma yake. Ukitoka baharini, isafishe injini kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Plagi ya akiba na spana yake vinaenea kwenye mfuko wa suruali. Zaidi ya hapo, boti isitoke bila makasia, nanga yenye kamba ya kutosha, ndoo ya kufulia maji, filimbi, tochi na simu iliyofungwa kwenye mfuko usiopenya maji.

Jaketi na mstari wa mzigo

Katika boti za kusindikiza, wanaovaa jaketi la kuokolea ni pamoja na nahodha mwenyewe. Kwetu jaketi, pale yanapokuwepo, hufungwa fungu moja chini ya mzigo ili yaonyeshwe kwa mkaguzi. Boti ikipinduka huzama nayo. Jaketi lisilovaliwa ni mzigo kama mzigo mwingine.

Mnunuzi ajue pia kwamba jaketi zinatofautiana. Lile jepesi la wanamichezo, lenye alama ya 50, limetengenezwa kwa mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na msaada. Haliwezi kutegemewa kumgeuza aliyezimia ili uso utazame juu. Lenye alama ya 150 limetengenezwa kwa kazi hiyo. Kwa abiria asiyejua kuogelea, anayevuka maji mapana, tofauti hiyo ni kubwa. Mtoto naye anahitaji la saizi yake, maana la mtu mzima humponyoka kichwani.

Kuhusu kujaza kupita kiasi, sihitaji kueleza mengi. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, kikitokea Bugolora, Ukerewe. Kilikuwa na uwezo wa abiria 101. Waliokufa walikuwa zaidi ya 220. Ilikuwa siku ya gulio, na wengi walikuwa watu wa aina yetu, wauzaji na wanunuzi waliokuwa wakirudi nyumbani na bidhaa zao.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani. Haitoshi kusema ni mipango ya Mungu. Kamba, jaketi na mzigo wenye kipimo ni mambo yaliyo mikononi mwetu.

Mwenye mzigo ndiye mwenye sauti

Wapo watakaosema hiyo ni kazi ya Serikali. Ni kweli, TASAC kwa Tanzania Bara, Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa Zanzibar na KMA kwa Kenya zina wajibu wa kukagua vyombo, na wajibu huo hatuwasamehe. Lakini mkaguzi hawezi kuwepo kwenye kila mwalo kila alfajiri. Anayekuwepo ni mwenye mzigo.

Wengine watasema wamevuka miaka ishirini bila kamba wala jaketi na hawajapatwa na lolote. Nami nawajibu kuwa waliopatwa hawapo hapa kutusimulia.

Hoja yenye uzito zaidi ni ya umaskini. Mama mwenye matenga manne ya nyanya hawezi kuiacha boti iondoke kwa kuwa nahodha hakuvaa kamba. Nyanya zitaoza na mkopo wa kikundi unadai. Hilo ni kweli kwa mtu mmoja mmoja. Lakini wafanyabiashara wa mwalo mmoja wakiwa kikundi, hali hubadilika. Wanaweza kukubaliana na mwenye boti bei ya kila gunia inayomwachia faida bila kuongeza magunia kumi ya ziada, naye kwa upande wake apige mstari wa rangi ubavuni mwa boti, ukifikiwa na maji upakiaji unasimama. Nahodha anayelipwa kwa wingi wa mzigo atajaza hadi maji yafike ukingoni. Anayelipwa ujira unaoeleweka hana sababu ya kufanya hivyo. Vikundi vya BMU, ambavyo tayari vinasimamia mialo mingi ya Ziwa Victoria, vinaweza kusimamia makubaliano haya.

Waandaaji wa mashindano nao wana sehemu yao. Wanapokodi boti za wenyeji wasitafute ya bei ya chini tu. Wawape manahodha mafunzo ya siku moja au mbili, wawaachie kamba na jaketi, kisha wawalipe vizuri. Nahodha aliyefunzwa kwa ajili ya mashindano ya Jumapili ataibeba elimu hiyo kwenye safari ya mizigo ya Jumatatu. Kwa mwenye boti hiyo ni biashara pia, kwani chombo kinachojulikana kuwa kina vifaa na nahodha makini kitaitwa tena kwa mashindano, watalii na watafiti.

Basi, ndugu msomaji, kesho alfajiri kabla hujapitisha gunia lako la kwanza, muulize nahodha maswali matatu: kamba ya injini iko wapi, jaketi langu ni lipi, na petroli ya kurudia ipo? Akikosa jibu, waulize wenzako waliosimama hapo na mizigo kama wanaridhika. Siku watu kumi watakapouliza kwa pamoja, kamba itanunuliwa siku hiyo hiyo.