Pointi 45 si sawa na pointi 40

Mzazi mwenzangu wa Kangemi, kabla hujapanda matatu kwenda kwa baraza la mitihani, KNEC, kulalamikia matokeo ya mwanao, chukua kalamu upige hesabu. Tangu KCSE ya 2023, gredi ya wastani hutokana na Hisabati, lugha moja ambayo mtahiniwa amefanya vyema zaidi na masomo mengine matano bora. Pointi 46 kati ya 84 ni C+, yaani mlango wa digrii. 45 ni C. Mwenye 45 aombe karatasi zisahihishwe upya, hata kwa mkopo wa chama. Mwenye 40 na hasira tu, aziweke pesa zake.

Halafu usiamini matokeo ya simu peke yake. Kwenye KCPE ya 2023, ile ya mwisho, kuna watoto waliofanya Kiswahili lakini wakaletewa alama za Lugha ya Ishara, na baraza likalaumu mfumo wa SMS. Linganisha na karatasi ya matokeo iliyo shuleni. Ombi la kusahihishiwa upya hupitia kwa mwalimu mkuu, na muda ni mfupi. Walimu wakuu wengine huwazungusha wazazi wenye deni la karo, siku zikaisha hivyo hivyo. Mbane wako mapema.