Karo ya mwajiri: deni lisilopungua

Mniwie radhi wasomaji, nimepotea hapa karibu mwezi mzima. Nilikuwa nikifunga virago kazini, na nimetoka na hasira ambayo lazima niimwage mahali.

Mambo ni hivi. Mwajiri wangu wa zamani (simtaji) alinilipia karo ya shahada ya uzamili, shilingi 300,000. Nikatia sahihi kwamba nikihitimu nitamtumikia miezi 36. Sina ugomvi na hilo, anayelipa ana haki ya kufaidi. Nimetumikia miezi 34. Nilipopeleka notisi, idara ya wafanyakazi ikaniletea hesabu: shilingi 300,000. Zote! Yaani miezi 34 ya kuamshwa usiku wa manane kwa sababu seva imelala ni sawa na sufuri.

Mwanagenzi akiniletea programu kama hiyo ninamrudishia. Ina mzunguko wa mara 36, lakini mstari wa kupunguza deni umesahauliwa. Ungekuwapo, kila mwezi ungetoa 8,333 na ushei, nami leo ningedaiwa 16,667 hivi. Hizo ningelipa siku hiyo hiyo.

Hata HELB, ambayo sote tuliokopa tunailaani, ina adabu kuliko hawa. Ndiyo, inatoza riba ya asilimia 4, na ukikosa kulipa kuna faini ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Lakini ukilipa, salio linashuka na unaliona likishuka.

Najua mtaniambia, "Si ulisoma mkataba?" Nilisoma. Nilikuwa na miaka 23 na karo ilitakiwa Ijumaa. Na anayekimbia mwezi wa kwanza na alipe karibu zote, sawa kabisa. Mimi nakataa kufananishwa naye.

Kwa hivyo ukiletewa karatasi kama hiyo, dai mstari mmoja: deni lipungue kwa 1/36 kila mwezi. Halafu uliza, je, kampuni ikinipunguza kazini, nani analipa? Wangu haukusema lolote. Mwenzangu niliyemwacha pale ana karatasi hiyo hiyo mezani, na anatakiwa kutia sahihi wiki hii. (Kaka, ukisoma hapa, nipigie kwanza.)

Mimi nimewaandikia kwamba nitalipa 16,667. Wamenijibu nitafute wakili. Nimempata.